Papai Lililopondeka

Jumatatu, 3 Juni
Sijapata kuona. Kazi yangu chuoni hapa Suva ni kufagia na kupanga meza za majaribio ya Dokta Kamini, mtaalamu wa namna watu wanavyochagua vitu. Leo papai zuri na nanasi zuri. Watu wakagawanyika nusu kwa nusu. Akaongeza papai lililopondeka. Hakuna aliyeligusa, lakini karibu wote wakakimbilia papai zuri! Msichana ninayemtaka, Vasemaca, ana miezi minane hajui anitake mimi au Waisake mcheza raga. Mimi papai, Waisake nanasi. Nakosa papai bovu tu.

Jumanne, 4 Juni
Nimempata. Binamu yangu Peceli. Sura yangu, kazi ya ufagio kama mimi, ila tumbo kubwa na anakoroma hata kanisani. Dokta kaniambia majaribio yake hutabiri watu mia, si msichana mmoja. Wivu wa wasomi.

Jumatano, 5 Juni
Nimempeleka kwa kina Vasemaca. Waisake naye alikuwepo, vizuri sana. Peceli kamaliza sufuria ya magimbi. Vasemaca kacheka mpaka machozi. Alikuwa anamcheka, nina hakika.

Alhamisi, 6 Juni
Peceli kaja na kerekere, ombi la kindugu. Anaomba jino langu la nyangumi, nililoliweka kwa ajili ya posa. Nikauliza la nini. Akasema, kaka, wewe nipe tu. Ndugu akikujia kwa kerekere hunyimi, ukinyima utasemwa kijiji kizima. Nikampa. Labda kuna msiba.

Ijumaa, 7 Juni
Sijala. Peceli kamposa Vasemaca kwa jino langu! Baba mtu kalipokea, na likishapokewa neno halirudi. Nikaenda kumwuliza Vasemaca kulikoni. Akasema miezi minane mimi na Waisake tumekaa tunasubiri apige kura, mwenzetu kaja, kala, kamwuliza na yeye kama amekula. Moyo umeniuma. Mke na jino, vyote kwa mpigo.

Jumatatu, 10 Juni
Nilikosea jaribio tu. Leo lilikuwa la vikombe. Mtu akishashika kikombe dakika tano, hakiachii hata kwa bei maradufu! Sasa, Vasemaca ana mdogo wake, Arieta, hajaposwa. Nimetoa picha yangu kubwa, aishike dakika tano. Kwenda mwenyewe naona haya. Nimemtuma Waisake. Kaoga, kachana nywele, kavaa shati jipya, yote kwa heshima yangu.