Viti Nje, Presha Juu

Jumatatu, 2 Desemba 2024

Presha ya Bibi Restituta leo: 184 kwa 106. Ijumaa madaktari wa macho wanakuja hospitali ya mjini Mpanda kumpasua mtoto wa jicho. Muuguzi kasema presha ikizidi 160 hawapasui jicho. Jumamosi wanaondoka, na watarudi lini hajui.

Vidonge Bibi anameza kila siku, mimi ndiye ninayempa. Tatizo ni mawazo. Madam Mariana alitufundisha kwenye baiolojia: mtu akiwa na hofu, moyo unakimbia na mishipa inabana. Aliuchora moyo kwa chaki nyekundu. Naikumbuka ile chaki. Naikumbuka hata kengele niliyokuwa naichukia. Siku tatu tu tangu tumalize kidato cha nne, na jana nilijikuta kwenye njia ya shule, sijui nafuata nini.

Bibi anasema uso wangu alio nao kichwani ni wa kidato cha pili. Baada ya hapo nimekuwa ukungu wenye sauti ndogo. Anataka kuuona wa sasa.

Nitaishusha hiyo presha.

Jumanne, 3 Desemba

Mpango wa kwanza: kumbukumbu nzuri. Nilimwomba Bibi anisimulie stesheni ya zamani. Alikuwa akiuza karanga za kuchemsha dirishani mwa treni. Babu Cletus ndiye aliyepunga bendera ya kijani. Bibi anasema hakuipunga kamwe kabla pakiti yake ya mwisho haijapita dirishani, na abiria wa Kaliua walichelewa kwa ajili ya mapenzi. Akacheka peke yake. Nikasikia harufu ya zile karanga, mimi ambaye sikuwahi kuzila.

Binamu yangu Dorice alimpima. Yuko mwaka wa kwanza wa uuguzi, likizo hii ametuletea kipimo cha presha na maringo. 158!

Kwa furaha nikasema endelea, Bibi. Akaendelea. Babu akastaafu. Babu akaugua. Babu akazikwa. 178. Nilisahau kwamba hadithi ya Babu ina mwisho.

Dorice kasema mgonjwa anahitaji kitunguu swaumu, si historia.

Jumatano, 4 Desemba

Mpango wa pili: utulivu. Nimetoa betri za redio, kwa sababu ya matangazo ya vifo. Simu ya Bibi nimeizima na kuifukia kwenye debe la mchele. Nyumbani tunanong'ona. Mpango huu una uzuri wake: hauhitaji kuongea na mtu.

Bibi aliuliza simu iko wapi. Nikasema inachajiwa. Aliuliza mara sita. Mara ya saba hakuuliza, akanyamaza. Nikafurahi, nikaandika: utulivu umeanza kuingia.

Alhamisi, 5 Desemba

Siku mbaya.

Asubuhi niliona sebule imebanana, na mtu asiyeona vizuri akijikwaa anashtuka. Nikatoa viti vyote nje, nikafagia, nikatandika mkeka. Nikamwambia Mama Specioza, jirani yetu, kwa kunong'ona, kwamba tafadhali leo asiwashe muziki.

Alinishika mkono. Baada ya nusu saa alirudi na mzigo wa kuni, amejifunga kanga kiunoni, na nyuma yake wanawake wanne. Wakakaa mkekani. Mmoja akaanza kulia taratibu, sijui anamlilia nani. Nadhani na yeye hakujua.

Bibi alitoka chumbani ameshika ukuta. Akasema tangu jana alijua, simu haichajiwi siku mbili. Akaniuliza ni Marselina? Huyo ni mdogo wake, anakaa Sitalike. Mimi watu wakiwa wengi sauti inakwama. Nilitikisa kichwa, lakini Bibi haoni kichwa. Akapiga yowe. Mkeka mzima ukamwitikia.

Dorice akapima: 196. Akaniangalia kama mdudu.

Simu ilifukuliwa mcheleni. Bibi Marselina alipokea mara ya kwanza. Alisema yupo hai, anapalilia mahindi, na nyie wa Ilembo mnaotaka kumzika mje na majembe yenu.

Mama Specioza aliondoka na kuni zake.

Ijumaa, 6 Desemba

Hospitali. Kipimo cha kwanza: 172. Muuguzi akasema Bibi apumzike nusu saa apimwe tena, mara ya mwisho. Bibi alisema kwa sauti ya chini kwamba basi, uso utabaki ule ule wa kidato cha pili.

Kisha akaniuliza hivi vile viti nilivitoa kwa nini.

Benchi zima lilikuwa linasikiliza. Masikio yaliniwaka. Lakini nilimwambia. Mishipa, chaki nyekundu, debe la mchele, kuni. Nilipofika kwa yule mama aliyelia bila kujua maiti ni nani, Bibi alicheka mpaka akaegemea bega la mzee wa pembeni. Naye mzee akacheka. Sijawahi kuongea mfululizo hivyo tangu nizaliwe.

148 kwa 86. Akaingizwa chumba cha upasuaji.

Dorice anasema ni kitunguu swaumu. Mimi nimeandika ukweli wa kisayansi: ule utulivu wa siku mbili ulichelewa tu kufanya kazi, kama mbolea.

Jumapili, 8 Desemba

Jana walimfungua bandeji ya jicho. Bibi alinitazama muda mrefu. Mwishowe akasema kumbe masikio ya Cletus hayakuzikwa. Nililia. Yeye amekatazwa kusugua jicho, nikamfuta mashavu.

Leo baada ya kanisa Bibi Marselina amepiga: tembo wameingia shambani, mahindi yote hakuna. Mimi ndiye niliyepokea. Bibi hapaswi kushtuka sasa. Simu nimeiweka kwenye kapu la vitunguu swaumu vya Dorice, pale hakuna atakayegusa. Vumbi nalo si zuri kwa jicho bichi, kwa hiyo nimetoa viti nje, nimefagia, nimetandika mkeka.

Mama Specioza anaingia uani. Ana kuni.

Bibi anaita kutoka ndani: "We Aneth, safari hii nani?"