Samaki wa Vigae vya Buluu

Jumatatu, 10 Februari 2025

Siku iliyoanza vibaya imeisha kwa ushindi. Bwawa langu la kuogelea, nyuma ya nyumba hapa Majimbo, Embu, limekamilika. Saruji imekauka. Vigae vya buluu vinang'aa. Ngazi ya chuma ipo. Limebaki kutiwa maji tu.

Wakwe wanakuja Jumamosi ya wiki ijayo kutoka Nkubu, kwa mazungumzo ya mahari ya binti yetu Kanini. Baba wa kijana, Bwana Gikunda, ana hoteli. Alipotutembelea mara ya kwanza alisimama uani kwangu, akatazama huku na huku, akasema, "Mwalimu, boma ni safi kabisa. Sasa watu huogelea wapi?"

Nimekuwa mwalimu mkuu hadi nikastaafu. Sijapata kuulizwa swali kama hilo na mtu anayeuza mandazi kwa jumla! Mafundi waliingia wiki iliyofuata.

Mke wangu Wambeti, tangu jembe la kwanza, ana swali moja tu. Baba Kanini, nani ataogelea? Nimemwambia mara nyingi kwamba hilo si swali.

Saa nne akaja Nelius wa ofisi ya ujenzi, na futi yake ya kupimia. Nilimfundisha darasa la sita. Hakuwa mwepesi wa hesabu wakati ule. Leo alikuwa mwepesi kupita kiasi. Akanisomea kanuni zote. Michoro iliyotiwa sahihi na mhandisi. Kibali. Ua unaozunguka bwawa, mrefu kuliko mtoto. Mlango unaojifunga wenyewe. Umbali kutoka shimo la maji taka. Ukingo wa vigae visivyoteleza. Boya la kuokolea mtu. Nikamwuliza kama nijenge bwawa au gereza. Akasema, kwa adabu sana, kwamba bila kibali hata tone la maji nisitie.

Nikamwambia hili si bwawa la kuogelea.

Akauliza ni nini. Nikalitazama shimo. Shimo likanitazama. Nikasema ni bwawa la samaki.

Akafunga faili. "Basi samaki si wa ofisi yangu, Mwalimu." Akaenda zake!

Akili haistaafu.

Jumatano, 12 Februari

Sikujua kwamba ofisi za serikali huongea. Nilidhani kila moja imekaa kimya na chai yake, kama ilivyo desturi. Asubuhi kijana anayeitwa Mutegi, afisa wa uvuvi, alikuwa langoni akinipa mkono kwa mikono yake miwili. Nelius alimwambia. Ametafuta mfugaji wa samaki Majimbo tangu aajiriwe. Alikuwa karibu kulia.

Akashangaa kuona vigae. Nikamwambia nafuga kwa usafi. Akauliza ngazi ni ya nini. Nikamwambia ni ya mvunaji. Akaona nimepaka rangi maneno KINA KIREFU upande mmoja, akauliza. Nikamwambia samaki wadogo lazima waonywe.

Aliandika hayo yote.

Ijumaa analeta vifaranga vya perege, bure, mradi wa wafugaji wapya. Nilikataa kwa unyenyekevu. Akadhani ni unyenyekevu.

Jirani yangu Gitari alisikiliza yote akiwa kwenye ngazi yake, eti anapogoa mparachichi. Gitari alikuwa mtu wa benki. Ana bwawa lake, lenye kibali, ua, mlango unaojifunga, na boya jekundu lisilowahi kuguswa na mtu. Ameufungua na kuuachia ule mlango mara nyingi leo bila sababu. Kisha akaniita juu ya ukuta. "Mwalimu, hao samaki watavaa nguo gani ya kuogelea?"

Nikaingia ndani. Nina heshima zangu.

Ijumaa, 14 Februari

Maji yaliletwa na lori alfajiri. Buluu tupu! Nilisimama pale na kikombe changu, nikamwona Gikunda akilini mwangu akimeza mate. Nilifurahi mpaka saa tatu.

Saa tatu Mutegi alifika na samaki ndani ya mifuko ya plastiki. Alikuja pia na gunia. Nilidhani ni chakula. Kabla sijamaliza kusema karibu, alikuwa ameshalimimina. Samadi ya mbuzi! Gunia zima! Anasema ndiyo inayootesha kijani ambacho samaki hula. Anasema baada ya siku chache maji yatakuwa kama supu ya majani ya kunde, na hapo ndipo mfugaji hulala usingizi.

Nikamshukuru. Ningefanya nini?

Wambeti alikuwa katikati ya majani ya nepia akiwakatia ng'ombe. Nepia ilikuwa inatikisika ingawa hapakuwa na upepo. Alipotoka, macho yalikuwa mekundu kwa kucheka. Akauliza swali lake.

Jumapili, 16 Februari

Kanisani. Wakati wa matangazo Gitari akasimama, bila kuombwa, akawaalika washirika kumpongeza mzee mwenzao aliyeanza kilimo cha samaki uzeeni. Makofi. Kina mama wa ushirika wakataka kujua watauziwa lini. Nyanya mmoja akasema yeye hali samaki, hao nyoka wa majini, lakini ataniombea. Mchungaji akawaombea samaki. Kwa kirefu.

Maji sasa ni ya kijani.

Jumanne, 18 Februari

Mpango mzuri, uliopangwa vizuri, ulioharibiwa na kanuni za watu wengine.

Nilifikiri hivi. Samaki wakitoka kwangu, samadi nitaisafisha. Lakini waende wapi? Gitari ana maji. Tena akikutwa na samaki ndani ya bwawa lenye kibali cha kuogelea, Nelius atakuwa na kazi upande ule wa ukuta. Ndege wawili, nami nina jiwe. Gitari alikuwa amekwenda Manyatta kwenye mkutano wa wakulima wa kahawa, mkewe yuko sokoni. Nikavua perege kadhaa kwa kichungi cha chai, nikawatia ndooni, nikapita pengo la michongoma, pale ukuta unapoishia. Mlango wa bwawa lake ulikuwa umeegemezwa kwa tofali. Nikaingia. Nikaligonga tofali kwa mguu.

Ukajifunga wenyewe! Kama kanuni inavyotaka. Na hufunguliwa kwa ufunguo tu, ili watoto wasipenye. Ua nao ni mrefu kuliko mtoto. Ni mrefu pia kuliko mwalimu mkuu mstaafu mwenye magoti yangu.

Nilikaa kwenye kiti cha Gitari, chini ya mwavuli wa Gitari, ndoo mapajani, mpaka Gitari aliporudi. Nilikuwa sijawamwaga hata mmoja. Alinitazama kupitia matundu ya ua. "Karibu, Mwalimu. Umeleta watoto kuogelea?"

Nikasema nimemletea zawadi ya jirani. Akaipokea ndoo, akanishukuru, akanifungulia. Jioni mkewe alituletea sahani ya samaki wa kukaanga. Wadogo, wenye miiba. Wambeti alisema ni watamu. Mimi sikuonja.

Alhamisi, 20 Februari

Nimekata shauri. Samaki wote wako ndani ya mapipa ya Wambeti ya maji ya mvua. Maji ya samadi nimeyavuta kwa pampu hadi kwenye shamba lake la sukuma wiki. Hayakwenda barabarani, kwa hiyo nimetii kanuni moja. Nimesugua vigae kwa mikono yangu mpaka mgongo ukakataa kunyooka.

Mutegi akapiga simu kuwajulia hali samaki. Nikamwambia wamepumzika.

Kanini alifika kutoka Nairobi jioni. Alitazama bwawa, akatazama mapipa, akamtazama mama yake. Akaniomba jambo moja tu. "Baba, Jumamosi tafadhali usifanye kitu." Nikamwahidi kwamba kila kitu kimeshafanyika.

Ijumaa, 21 Februari

Lori la pili la maji. Dawa ya kusafisha. Buluu! Buluu kuliko ile ya kwanza!

Gitari alichungulia juu ya ukuta akanyamaza. Ukimya wake ulikuwa mtamu kuliko chai ya maziwa. Kisha akaharibu. Akasema vigae vya ukingoni nimeweka vya bafu, vinateleza, na kama sina ua basi angalau niweke vya kukwaruza. Nikamwambia nilikuwa nasimama kwa miguu yangu kabla yeye hajajua kuhesabu noti.

Nelius hafanyi kazi Jumamosi. Nimeuliza.

Jumamosi, 22 Februari

Nitaandika kwa kifupi.

Wakwe walifika saa sita. Gikunda na suti. Mkewe, Mama Ciakuthii, na leso mpya. Wazee wao na msemaji wao, mzee mwenye kofia na fimbo. Kabla hawajapewa hata maji ya kunawa, nikawaongoza nyuma ya nyumba. Nikatoa hotuba. Nikasema boma hili haliko nyuma ya boma lingine lolote kati ya Embu na Meru. Nikamwambia Gikunda kwamba taulo zipo, anyooshe viungo baada ya safari. Aingie! Nami nitaingia naye!

Gikunda akaikaza tai yake.

Kina mama wakageuka wote kwa pamoja, wakaitazama nepia. Msemaji akavua kofia. Akaniuliza, polepole, kama anayemsemesha mgonjwa, iwapo nataka mkwe avue nguo mbele ya mkwe mwenzake, mbele ya mama mkwe, siku ya mahari.

Nikamtazama Wambeti. Wambeti akanitazama. Hakuuliza. Hapakuwa na haja. Kwetu na kwao, mkwe haoni mwili wa mkwe. Jambo hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Nilikuwa nimewajengea wakwe kitu kimoja duniani ambacho hawawezi kukitumia mbele yangu.

Gikunda akasema lile swali lake lilikuwa utani. Utani!

Nikarudi nyuma hatua moja ili nieleze vizuri. Vigae vya bafu.

Maji yalikuwa baridi. Nilipanda ngazi haraka, kwa heshima, lakini suruali ya suti, ambayo fundi aliishona akitumaini nitanenepa, ilibaki chini. Mama Ciakuthii alikuwa amegeuka kuona kishindo kilikuwa cha nini. Alijifunika uso kwa leso. Alichelewa.

Msemaji akatangaza kwamba mazungumzo yamekwisha kabla ya kuanza. Watu walioonana hivyo hawaongei mahari mpaka kondoo dume achinjwe, na anamtoa aliyeonekana. Leo leo, au warudi kwao wasubiri waitwe tena. Mimi sina kondoo. Nikauliza, nikiwa nimejifunga taulo, kama samaki wanakubalika. Mzee akafumba macho. Nadhani alikuwa anaomba.

Wakaanza kuelekea kwenye gari. Nikamsikia Kanini jikoni. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa analia ndani ya aproni, kimya, ili wasimsikie. Hapo ndipo nilipojua baridi ni nini.

Mlango wa Gitari ukalia. Akatokea pengoni, anamvuta kondoo dume mnene kwa kamba. Alikuwa ameona yote kutoka kwenye mparachichi. Akanong'ona kwamba ni wangu, kwa sharti moja. Yeye ndiye awe msemaji wetu, na mimi nisifungue mdomo mpaka wageni waondoke.

Nikakubali. Kwa kutikisa kichwa.

Kondoo alichinjwa. Wageni wakarudi ndani. Gitari aliongea vizuri, lazima niseme. Aliwasimulia pia habari za ndoo na mlango. Mama Ciakuthii alicheka chini ya leso mpaka ikadondoka. Jioni walikuwa wamekubaliana yote. Harusi ni Agosti. Kanini alimkumbatia Gitari kwanza.

Jumatatu, 24 Februari

Nelius na Mutegi walikuja pamoja. Nelius akasema nichague moja, ua au samaki. Wambeti akajibu kabla yangu. Samaki. Mutegi alikuwa na gunia tayari. Maji yatakuwa ya kijani tena, na sukuma wiki ya Wambeti imeanza kunawiri.

Nimetafakari kwa utulivu. Kosa halikuwa bwawa, wala mimi. Kosa lilikuwa maji. Mtu akianguka kwenye maji huonekana. Pangekuwa na ukungu, nani angeona nini?

Gikunda alisema wakati wa kuaga kwamba anajenga chumba cha mvuke hotelini kwake. Watu hukaa ndani, hutoa jasho, huzungumza mambo ya maana. Wakwe wanarudi Juni kupanga harusi. Nyuma ya jiko nafasi ipo. Nimepima. Kwa Nelius nitasema ni kikaushio cha mahindi.

Wambeti ameniuliza nani ataingia humo.

Nimemwambia hilo si swali.