Barafu Haingoji Salamu

Jumatatu, 3 Februari
Leo mtaa wa soko hapa Lodwar umefungwa kwa nguzo za chuma. Pikipiki marufuku. Nilipiga makofi! Kisha Lokuruka, askari wa kizuizi, akanishika usukani. Eti baiskeli pia ni chombo. Erupe, shuka usukume.

Nikasukuma, na sanduku la barafu ninayouza nyuma. Jua si tatizo. Tatizo ni salamu! Mtu wa baiskeli hurusha "ejok" moja akapita. Anayetembea lazima asimame: mama yuko vipi, mbuzi wako vipi, huko Kalokol kumenyesha? Nilipofika kwa wauza samaki, barafu ilikuwa maji. Mama Akaale, mwenyekiti wao, alisema samaki hawaogi. Barafu isipofika kufikia Ijumaa, watanunua kwa Lochakapong.

Lochakapong! Anauza barafu pale pale kwenye nguzo. Aliniuliza kama siku hizi nauza chai.

Jumanne, 4 Februari
Nimeng'oa pedali. Baiskeli isiyo na pedali si baiskeli, ni mkokoteni. Nilimweleza Lokuruka hivyo, kwa utaratibu. Akauliza mbona basi nimeukalia.

Maji tena.

Jumatano, 5 Februari
Mpango safi. Nimefunga kitenge shavuni. Mwenye jino bovu hasalimii mtu!

Kosa kubwa. Wasiowahi kunisalimia walisimama kunipa pole. Kina mama watatu walibishana kuhusu dawa. Mmoja alinitafunisha mzizi mchungu kuliko maisha yangu. Lochakapong alishauri niweke barafu, kama ninayo.

Alhamisi, 6 Februari
Nimemwendea Mama Akaale kwa heshima zote. Nikasema baiskeli iruhusiwe, mwendo wa miguu tu. Akasema wote huapa hivyo, halafu wazee wanagongwa. Basi kesho alfajiri nimfuate nyuma kwa baiskeli, na barafu yangu, kutoka nguzo hadi meza za samaki. Nisimpite, nisikanyage chini. Nikiweza, atatutetea wenye baiskeli kwenye kamati ya soko.

Nimerudisha pedali. Nimefanya mazoezi uani. Kuku wamehama.

Ijumaa, 7 Februari
Mama Akaale alianza vizuri. Hatua chache, akakutana na shemeji yake wa Nawoitorong. Ejok! Ejok noi! Akasimama. Nami nikasimama juu ya baiskeli, nikitetemeka kama kambare nchi kavu. Wakafika kwenye habari za mbuzi. Nikaona naanguka. Nikakanyaga pedali ili nisianguke, nikampita, nikashindwa kusimama, nikapita mtaa mzima nikipiga kelele, nikaangukia meza ya samaki.

Meza ya Mama Akaale!

Wauza samaki wakaanza kushangilia. Barafu ilikuwa imemwagikia samaki. Barafu ngumu, ya kwanza wiki hii!

Mama Akaale alifika akihema. Akasema jaribio nimeshindwa vibaya sana. Ila alikuwa amegundua jambo: alfajiri watu ni wachache, sikupata hata mtu wa kugonga. Jioni kamati ikakubali: baiskeli ruksa alfajiri, kabla soko halijajaa, kengele lazima. Nililia kidogo. Vumbi.

Jumatatu, 10 Februari
Siku ya kwanza ya uhuru. Lokuruka alinipigia saluti. Kengele, upepo, "ejok" ishirini bila kusimama. Barafu ngumu kabisa!

Nikamkuta Lochakapong. Kwenye meza za samaki, akiuza barafu. Juu ya baiskeli mpya, yenye kengele mbili.

Nimefikiri kwa utulivu. Baiskeli ni hatari sana kwa waendao kwa miguu. Lazima zipigwe marufuku. Kesho naenda kwa Mama Akaale kumweleza. Nitatembea, kuonyesha mfano.

Nitafunga kitenge shavuni, nisicheleweshwe na salamu.