Kadi ya Picha Mia Tatu

Mtaa wetu mzima wa Mamelodi Mashariki ulikuwa na kompyuta moja tu ya maana ya kuchezea michezo, nayo ilikuwa yangu. Hayo ni maneno yangu. Hakuna mwingine aliyewahi kuyasema, ila mimi niliyasema kwa niaba ya wote.

Siri ya ukuu wangu ilikuwa kadi ya picha, kile kipande ndani ya kompyuta kinachochora kila unachokiona mchezoni: moshi, majani, damu ya adui. Kadi nzuri huchora picha nyingi kwa sekunde, na mchezo unatiririka kama maji. Kadi mbovu huchora chache, na adui anakujia kwa kurukaruka kama panzi mgonjwa. Yangu ilichora mia tatu. Niliitaja hiyo mia tatu hata mtu akiniuliza saa.

Sasa, mwaka jana klabu yetu ya michezo ya kompyuta ilichapwa kwenye mashindano na watu wa mtaa wa Atteridgeville mpaka tukaona haya kwenda kununua maandazi mtaani. Kompyuta zetu ziliganda katikati ya vita. Safari hii Dada Mmapula, mwenyekiti wetu, ambaye kazini ni muuguzi na hata klabuni huongea kama mtu mwenye sindano mkononi, akatoa amri: hakuna kompyuta itakayosafiri bila kupimwa. Viti vitatu kati ya vinne vya timu vilishapata watu. Cha nne tulikigombea mimi na Sello, fundi wa breki, mwenye kadi ya zamani inayonguruma kama mashine ya kusaga mahindi.

Desturi yetu ni kwamba kila mtu huchezea kompyuta yake mwenyewe. Kwa hiyo kadi yangu ikishinda, nimeshinda mimi. Nami ilinibidi nishinde. Mama alikuwa ameshawaambia kina mama wa kanisani, wale wanaovaa sare kwa maombi ya kila Alhamisi, kwamba nimechaguliwa, na walikuwa wameshatoa shukrani kwa wimbo. Kurudi nyumbani bila kile kiti kungekuwa kumdai Mungu arudishe wimbo.

Jumamosi nikaifikisha kompyuta kwenye gereji ya nyumbani kwa Mmapula, tunapokutania, imefungwa blanketi zuri kuliko ninalolalia.

"Haya, Mahlatse, bwana mia tatu," akasema. "Tuonyeshe."

Nikawasha. Nikaingia mchezoni, nikampeleka askari wangu kwenye kona ya jengo ninalolijua vizuri, nikasimama. Pembeni mwa kioo namba ikapanda: mia mbili tisini, mia tatu, mia tatu na nne. Nikawageukia watu taratibu, kama bwana harusi.

"Mbona unatazama ukuta?" Sello akauliza.

"Ni mbinu. Najificha."

"Hakuna anayekutafuta. Geuka tuone mtaa."

"Wa nini? Si namba hiyo hapo?"

"Kaka, ukuta mtupu hata simu ya bibi yangu inauchora. Geuka."

Nikatazama huku na huku. Hakukuwa na wa kunitetea. Nikageuka.

Mtaa ukaja wote kwa pamoja, na soko lake, na moshi wake, na miti yake, na namba ikateremka kama ndoo iliyokatika kamba kisimani.

"Na hii miti mbona kama kabeji?" akauliza Mmapula.

Nilikuwa nimepunguza urembo wote wa mchezo ili kadi isichoke.

"Na vivuli umezima. Mwone, askari anatembea juani kama mzimu." Akavuta kiti. "Sikiliza, mdogo wangu. Huwezi kupima presha za watu wawili, mmoja amelala na mwingine anapanda ngazi. Mtapita mtaa uleule, kwa urembo uleule, kwenye kioo kilekile. Na hiyo namba yako kubwa kaa nayo. Mimi nataka ile ndogo, pale kadi inapozidiwa."

Akaanza Sello. Kadi yake ikanguruma, ikakohoa, na moshi ulipotanda ikabaki inachora picha kumi na nane. Kioo kilikuwa kinarukaruka. Sello mwenyewe alipita kwenye ule moshi kama mtu anayetafuta chumvi gizani jikoni kwake, akatokea upande wa pili bila mkwaruzo.

Ikaja zamu yangu. Vivuli vimewashwa, miti imerudishiwa majani. Kadi yangu haikushuka chini ya tisini. Kila cheche ilionekana, kila jani lilipepea, na kwa uwazi wa kupendeza nikaona jinsi nilivyouawa. Nikafufuka. Nikauawa tena kabla sijavuka barabara. Mara ya tatu nilijirushia bomu mwenyewe. Miezi yote ile nilikuwa nimesoma namba tu, sijacheza.

Mmapula akanyanyuka. "Kadi ya Mahlatse imeshinda. Tena mbali sana."

Gereji ikapiga makofi. Nikaanza kufungua zipu ya koti, maana chini yake nilivaa fulana yenye jina langu mgongoni.

"Kiti cha nne ni cha kompyuta hii," akaendelea. "Sasa tumpate wa kuikalia. Sello, Jumamosi ijayo una kazi?"

"Sina, dada."

"Ngoja kwanza," nikasema. "Na desturi? Kila mtu na kompyuta yake."

"Desturi hiyo waliiweka watu waliokuwa wanacheza," Mmapula akasema, wala hakupaza sauti. "Tunataka pia mtu wa akiba, Sello akiugua. Nani yuko tayari?"

Nikanyoosha mkono, juu kabisa, mpaka bega likalia.

Mmapula akanitazama kwa ule upole wa wodini.

"Choo kiko nyuma, Mahlatse," akasema. "Mlango uvute kwa nguvu, unakwama."