Ua la Kisiwa cha Kilunga Litaitwa Cyrille

Jumanne, 29 Oktoba
Niko na miaka sabini na tisa. Nimepita vita, kipindupindu, mafuriko ya ziwa, na waganga wawili walioapa kwamba sitafika Pasaka. Niliwazika wote wawili. Sasa kuna kazi kubwa. Madame Keren, mwalimu wa mimea kutoka Lubumbashi, alitangaza kanisani: kuna ua linaota juu ya mulima wa kisiwa cha Kilunga tu, dunia nzima hakuna tena. Jumapili anakuja kulitafuta. Atakayemuonyesha, ua litaitwa jina lake. Hilo njo langu! Nililiona tangu ujana. Jirani yangu Jean-Baptiste anasema na yeye analijua. Muntu anayehema akipanda kitanda!

Jumatano, 30 Oktoba
Muvuvi Hénoc alinivusha na mutumbwi wake. Nikapanda. Magoti yalilalamika, nikayanyamazisha. Nikayakuta maua yangu: madogo, ya buluu, katikati ya mawe. Niling'oa yote na mizizi, nikatia katika gunia. Jean-Baptiste akija, akute mawe! Mimi nitayarudisha kabla ya Madame kufika. Hénoc aliuliza: Papa Cyrille, ukiyatoa kwao yataishi kweli? Nikamuuliza kama ni yeye aliyeyanyonyesha.

Alhamisi, 31 Oktoba
Nifiche wapi? Nyumbani hapana. Bibiane, muke wa mutoto wangu, akiona udongo mutupu anapanda mboga za lengalenga. Nikayapanda juu ya kaburi la marehemu muke wangu, Philomène. Nani atalima pale? Akili hii hawaifundishi shuleni. Na shule niliiacha yenyewe ikiwa bado inanihitaji.

Jioni Jean-Baptiste akarudi kutoka kisiwani. Suruali imepasuka, mikono mitupu. Nikamupa pole. Pole tamu sana!

Jumamosi, 2 Novemba
Siku ya Wafu! Nilisahau! Muji wetu wote wa Kalemie uko makaburini na majembe. Kila mwaka nasingizia magoti, siendi, na kila mwaka kaburi la Philomène linakuwa safi. Nilidhani ni kazi ya parokia. Nikakimbia. Nikakuta limefagiwa kama sahani, mushumaa unawaka, Jean-Baptiste anafuta jasho. Akasema: usisumbuke, muzee mwenzangu, kila mwaka nakusaidia. Ila safari hii majani yalikuwa na kichwa ngumu, mengine mpaka yana maua yaliyonyauka! Nimeyachoma yote.

Nikamuambia merci, asante. Ilipita kooni kama mwiba wa samaki.

Jumapili, 3 Novemba
Kisiwani na Madame Keren, Jean-Baptiste na mimi. Mawe matupu. Madame akaanza kukata tamaa. Halafu Jean-Baptiste akanyoosha kidole: moja! Katika ufa wa jiwe, pale mukono wangu haukufika. Madame akalia kwa furaha. Akasema litaitwa Jean-Baptiste. Akatuomba lisiguswe kabisa, likitolewa pale litakufa. Niliitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Lakini nimefikiri. Ua likikutwa kwangu, jina litabadilika. Kufa! Hata mimi waliniambia nitakufa. Kesho narudi na fimbo ndefu. Nitalipanda chini ya dirisha langu, na jembe la Bibiane nitalificha.

Njo mimi niliyeliona kwanza. Anayebisha amuulize Hénoc. Asimuulize tu gunia lilikuwa na nini.