Malalamiko Kuhusu Zamu Yangu ya Kuongoza Nyumbani Kwangu

Mbuvi, babake Mulei,
Laini za Wakataji Mkonge,
Upande wa Voi.
Septemba, 1979.

Kwa Mwalimu Ndeti,
Msimamizi wa Skauti,
Shule ya Msingi ya Kwa Mutiso, Kalamba.

Mheshimiwa Mwalimu,

KUH: WATOTO KUFUNDISHWA KUONGOZA

Pokea salamu kutoka huku kwenye joto. Mimi ni mzima isipokuwa mgongo, ambao siku hizi ni mali ya shamba la mkonge. Nilifika standadi ya tatu tu, kwa hivyo ukiona kosa lisahihishe kimya kimya, usiwasomee darasa.

Mwalimu, huku kazini mimi naamrishwa na nyapara. Nyapara anaamrishwa na karani, na karani anaamrishwa na king'ora. Mtu kama huyo akipewa likizo yake ya Agosti, anatazamia jambo moja tu: kufika kwake na yeye aamrishe kidogo. Sikupata nafasi hiyo, na wa kulaumiwa ni wewe. Sababu ni hizi:

1. Nilipofika nilikuta jamaa yangu yote imesimama nusu duara uani. Mwanangu Mulei, skauti wako, alikuwa amevaa skafu yake, lakini hakuwa yeye anayetoa amri. Aliyekuwa mbele ni Ndila, kitinda mimba wangu, ambaye hata meno ya mbele hana. Mulei akaniambia, "Baba, karibu. Wiki hii ni zamu ya Ndila. Kwa skauti kila mtu anaongoza." Nikauliza yangu ni lini. Akahesabu kwa vidole: baada ya Ndila ni mama yao, halafu mwanangu Kalunde, halafu nyanya yao, halafu mimi. Mwalimu, wakati huo nitakuwa nimesharudi kukata mkonge! Nikadai nitangulizwe. Akanijibu kwa heshima kubwa, mikono nyuma, "Baba, mgeni kwanza anafuata, halafu anaongoza." Mgeni, katika nyumba niliyoiezeka mabati mwenyewe!

2. Niliwekwa katika kikosi cha maji, mimi na punda. Punda alikuwa katika kikosi hicho tangu Pasaka, kwa hivyo alinizidi uzoefu, na njiani alinionyesha waziwazi. Tulipofika mtoni nikaanza kuchimba mchanga kutafuta maji, na akina mama waliokuwa hapo wakacheka. "Mbuvi, huko Voi walikugeuza lini kuwa bibi?" Nikasema nimetumwa. "Umetumwa na nani?" Hapo nikaendelea kuchimba, maana aliyenituma alikuwa nyumbani ananyonya kidole.

3. Nilichinja mbuzi. Kwetu kila mtu ana sehemu yake ya nyama, na sehemu ya mwenye nyumba haiulizwi. Mulei akaomba liitishwe baraza. Ikapitishwa kwa kuinua mikono kwamba nyama igawanywe kulingana na kazi ya wiki. Nilimtegemea mama yangu mzazi aitetee mila. Yeye ndiye aliyeinua mkono wa kwanza. "Mmenilisha matumbo tangu niolewe," akasema. "Leo nataka ubavu." Akapewa. Mimi nilipewa kwato za supu, kwa sababu nilirudi kutoka mtoni na debe nusu.

4. Hili ndilo zito. Chini ya shamba langu kulikuwa na korongo ambalo kila masika lilikula udongo wetu. Kila mwaka nikiondoka, mke wangu Muthoki hunisindikiza hadi barabarani akiniuliza, "Na lile korongo?" Nami humjibu, "Mwaka ujao." Safari hii nililikuta limezibwa. Skauti wako walichimba mitaro ya fanya juu, ile ya kutupia udongo upande wa juu, wakapanda nyasi kingoni. Nikauliza mwalimu alikuwa wapi. Nikaambiwa ulikuwa umekaa kando, hukusema neno, hata walipochimba mtaro wa kwanza ulioelekeza maji chooni. Waligundua wenyewe, wakabishana, wakaufukia, wakaanza upya. Mwalimu, unalipwa kunyamaza? Nyapara wetu hawezi kunyamaza hata tukiwa tunafanya sawa.

Siku ya kuondoka Muthoki alinisindikiza kama kawaida. Tulitembea mpaka barabarani. Alisema "safari njema" tu. Korongo hakulitaja tena.

5. Sasa fikiria mbele. Watoto wote wakijua kupanga, kubishana na kusahihishana bila kufokewa, nani atabaki wa kuamrishwa? Mkonge haujikati. Nyapara watakula wapi? Karani naye? King'ora kitamlilia nani? Umeanza na korongo moja, utamaliza nchi nzima.

Kwa hivyo naomba uwafundishe watoto kupiga saluti na kufunga kamba, basi. Uongozi tuachie wakubwa, sisi tuliozoea kuukosa. Kama hilo haliwezekani, basi Mulei aamriwe kuiweka zamu yangu Agosti. Na kama hata hilo ni gumu, angalau wangeniachia kipande kidogo cha korongo.

Nisalimie walimu wote, mchungaji, akina mama wa mtoni na punda wangu.

Mimi mkuu wa nyumba, wakati zamu ikifika,
Mbuvi.

N.B. Huku kwenye laini zetu, nyumba za wafanyakazi, mfereji wa maji ni mmoja, na kila jioni watu walikuwa wakipigana kwa madebe. Niliporudi niliwaeleza habari ya baraza na zamu, lakini kama kichekesho tu. Wakaitisha baraza. Sasa hakuna anayepigana, na wiki hii kiongozi wa mfereji ni mimi. Kuna mmoja, Nzioka, hataki kupanga foleni. Tafadhali mwulize Mulei wao humfanyaje mtu kama huyo, unijibu upesi kabla zamu yangu haijaisha. Ukipata skafu, hata kuukuu, niwekee ndani ya bahasha. Nyapara ameniomba karatasi na yeye akuandikie malalamiko. Nimempa. Usimjibu.