Kidole Gumba Hakihami

Jumatatu, 3 Juni
Makubwa! Binti yangu amewatangazia wenzake wa chekechea kwamba Jumamosi wakiimba, mama yake ndiye atakayepiga piano. Mimi! Piano ya pale shuleni naijua kwa kuifuta vumbi. Mpigaji ni wifi yangu. Nimemwomba mwalimu mkuu anijaribu. Kacheka, kasema Ijumaa tupige wote wawili, achague.

Jumanne, 4 Juni
Nimefagia haraka, nikakaa kwenye piano, mtoto wangu mchanga mgongoni. Wimbo una mafungu matatu tu ya sauti, kila fungu vidole vitatu vinabonyeza pamoja. La kwanza nalipata. Kwenda la pili, mkono unaruka kama panzi, unatua kusikojulikana. Mtoto kalia. Hata yeye!

Jumatano, 5 Juni
Nimemvika wifi kilemba cha ukoka: mikono yako, wifi, kama hariri! Kavimba kichwa, akanipigia. Jamani! Sikuona mkono ukihama, na sauti ikabadilika chumba kizima. Nywele zilinisimama. Nikamuuliza siri. Kasema haturuki, wifi yangu. Kidole chenye kazi kwenye mafungu yote mawili kinabaki, wenzake wanasogea jirani. Fungu la kwanza kwenda la pili, gumba halihami.
Nimejaribu. Gumba likatulia kama kuku anayeatamia, vidole viwili vikasogea hatua moja moja. Ikatoka! Ikatoka kwenye mkono wangu huu wa ufagio! Nimelia kidogo.

Alhamisi, 6 Juni
Gumba lina kiherehere, linanyanyuka lenyewe. Nimepata dawa. Gundi ya viatu ya mume wangu! Kauliza kiatu gani kimeachia. Nikamwambia cha muziki.

Ijumaa, 7 Juni
Fungu la kwanza, tamu. La pili, mwalimu mkuu kafumba macho! Nikarudi la kwanza. Kumbe kwenda la tatu, kinachobaki ni kidole kidogo, gumba linahama. Likagoma. Navuta, limeganda! Watoto wanaimba, mimi nimeinama kama nakama ng'ombe. Wifi kaja na mafuta ya kupikia, kanibandua huku akicheka hadi machozi. Kazi kapewa yeye. Binti yangu njia nzima kakataa kunishika mkono.

Jumamosi, 8 Juni
Wifi ana moyo! Alfajiri kabisha hodi, kasema leo nikae ubavuni mwake, fungu la tatu nimbonyezee sauti moja tu, kwa kidole kidogo. Binti yangu karukaruka kitandani kwa furaha! Wifi kanisisitiza: kidole hicho kisihame.
Hakitahama. Gundi imebaki ya kutosha.